Furaha ya Mkristo katika dhiki na kujitoa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nakutana nayo kila mwaka: kwenye jumuiya, darasa la kipaimara, msibani, na mara nyingine jikoni tukimenya ndizi za sherehe. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro, si mchungaji. Nimeanza na mepesi nikaenda kwenye magumu, na pale jibu lilipokwisha kutolewa nimekuelekeza kwenye namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Furaha ya Mkristo ina tofauti gani na raha?

Raha unaijua: kivuli, kiti, maji ya baridi, mshahara umeingia. Sababu yake ikiondoka, nayo imeondoka. Furaha inayosemwa kwenye Biblia ina mizizi kwingine, ndiyo maana inaweza kulala chumba kimoja na machozi.

Mfano ninaoutumia ni Paulo na Wafilipi. Alipofika Filipi mara ya kwanza alichapwa bakora, akatupwa gereza la ndani, miguu ikafungwa kwenye mkatale. Usiku wa manane yeye na Sila wakawa wanaimba (Matendo 16). Miaka kadhaa baadaye anawaandikia watu wa mji huohuo akiwa kifungoni tena. Barua ina sura nne tu, na furaha inarudi humo tena na tena: "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Huwa najiuliza kama yule mlinzi wa gereza aliyebatizwa usiku ule alikuwa amekaa pale barua ikisomwa.

Lakini kuna mistari miwili watu huiruka. Sura ya 2, Paulo anakiri kwamba mwenzake Epafrodito, aliyekuwa mgonjwa, angekufa, yeye angepata "huzuni juu ya huzuni". Sura ya 3 anasema anaandika kwa machozi. Mtu ni yuleyule, barua ni ileile. Anayekuambia kwamba Mkristo mwenye furaha hutabasamu muda wote hajaisoma hadi mwisho.

2. Je, ni lazima niteseke ndipo niipate furaha hiyo?

Hapana. Yesu alikula arusini Kana, na wapinzani wake walimwita mlafi na mlevi. Kumshukuru Mungu mwaka ambao mahindi yamebeba vizuri ni ibada kamili, haina upungufu.

Angalia nini kinatangulia. Katika Mathayo 13:44 mtu anaiona hazina shambani, na kwa furaha yake anakwenda kuuza alivyo navyo vyote. Alishafurahi kabla hajauza hata mbuzi mmoja. Sisi tumezoea kuhubiri kinyumenyume: jinyime kwanza, furaha utalipwa baadaye kama posho. Hata kuhusu msalaba, Waebrania 12:2 inasema Yesu aliustahimili "kwa ajili ya furaha iliyowekwa mbele yake". Haisemi aliufurahia msalaba. Misumari ilimuuma kama ambavyo ingekuuma wewe.

3. Mbona basi Yakobo anasema tuhesabu majaribu kuwa ni furaha tupu?

Neno lenyewe ni "hesabuni", na kuhesabu ni kazi ya daftari. Mweka hazina wa kikoba anapoandika fedha zilizotoka, hazirudi kwa sababu kaziandika. Anaziweka kwenye safu yake ili mwisho wa mwaka ajue zilikwenda wapi. Yakobo haagizi mtu ajisikie vizuri. Anasema uliweke jaribu kwenye safu yake, na sababu anaitoa mstari unaofuata: kujaribiwa kwa imani huleta saburi. Unaweza kuandika hivyo huku mkono unatetemeka.

4. Kujitoa, kujinyima na kupata hasara si kitu kimoja?

Ukiibiwa simu umepata hasara. Ukiacha sukari kwenye chai umejinyima. Ukimlipia ada mtoto wa jirani halafu wewe ukavaa viatu vilevile mwaka mwingine, umejitoa, kwa sababu kuna mtu upande wa pili. Kama upande wa pili hakuna mtu wala Mungu, ila jina lako tu, rudi ujiulize.

## Sadaka na kufunga

5. Wenzangu hutoa huku wanacheka. Mbona mimi nikitoa naumia?

Nitasimulia kitu kimoja. Kwetu, kama ilivyo sharika nyingi, vitu vinavyoletwa kama sadaka hunadiwa nje baada ya ibada: kuku, mkungu wa ndizi, chupa ya maziwa. Jumapili moja bibi mmoja alileta mayai manne kwenye bakuli la plastiki, amelifunika kwa kipande cha khanga. Mnadishaji akaanza na shilingi 1,000. Kijana wa bodaboda akapandisha hadi 12,000, akalipokea bakuli, akatembea nalo mpaka kwa yule bibi: "Bibi, haya ya chai." Bibi akacheka, akasimama kwa mkongojo wake, akayarudisha mezani. "Yanadiwe tena!" Yalinadiwa mara tatu. Watu walikuwa wanapiga makofi, wengine wanafuta machozi, na ninadhani yai moja lilivunjika.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na bahasha yangu ya ujenzi. Nilikuwa nadaiwa ahadi niliyoitamka kwa sauti kwenye harambee kwa sababu aliyekaa jirani yangu alitamka kubwa. Bibi alikuwa anatoa. Mimi nilikuwa nalipa deni la aibu, na deni huuma.

Ikiwa hali yako ni hiyo, nenda kwa mhasibu wa usharika, mwambie ahadi imekuzidi, ipunguzwe. Hakuna laana juu yake. Paulo anasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima (2 Wakorintho 9:7). Kisha toa kidogo ambacho umekichagua mwenyewe, na uone tofauti.

6. Mjane wa senti mbili alitoa vyote. Je, nami nitoe hata pesa ya unga?

Fungua Luka 21, halafu usianzie hapo. Rudi nyuma mistari miwili tu, mwisho wa sura ya 20: Yesu anawashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa unafiki. Pumzi ileile, anainua macho, na mjane huyo anakuja. Wahubiri wengi hukata kisa katikati, tunabaki na sifa ya mjane bila shutuma kwa waliomla. Yesu aliusifu moyo wake. Hakulisifu kanisa linalomwacha alale njaa.

Na kipimo kipo wazi: sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12). Unga wa watoto unao, lakini si wako peke yako.

7. Nimeambiwa nikope au niuze kiwanja "nipande mbegu", Mungu atanirudishia mara mia. Nifanye hivyo?

Usifanye. Ulichokopa ni cha mwingine. Na sadaka inayotolewa ili irudi mara mia ni biashara, tena biashara mbaya, maana asilimia anaipanga mwenye kupokea. Waumini wa Makedonia, ambao Paulo anawatolea mfano, walitoa katika umaskini mwingi na furaha nyingi, na hakuna mahali wameahidiwa nyumba.

8. Nafunga Kwaresima, lakini nakuwa na hasira tu. Kuna faida?

Siku 40 za Kwaresima huhesabiwa kuanzia Jumatano ya Majivu bila kuingiza Jumapili, kwa sababu kila Jumapili ni Pasaka ndogo. Wengi hawalijui hili, wanajibana hata siku ambayo kanisa limewafungulia meza. Anza hapo.

La pili, fedha ya chakula ulichoacha imekwenda wapi? Isaya 58 inataka mkate ule umfikie mwenye njaa. Mfungo ambao kilo ya sukari iliyookolewa inabaki kabatini kwako unaishia kwenye hasira, nimejaribu.

Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, na anayemeza dawa kila siku wasifunge chakula kabla ya kuongea na daktari. Dawa haziingii kwenye mfungo. Ukiambiwa uziache, soma swali la 16.

## Msiba na ugonjwa

9. Nimefiwa. Kulia sana ni kukosa imani?

Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, na alijua dakika chache mbele atamfufua. Ikiwa yeye alilia akijua hivyo, wewe lia.

Mume wangu alipofariki, tukiwa bado hatujatoka makaburini, mtu mmoja alinishika bega akaniambia, "Usilie mama, furahi, yuko pazuri." Maneno yalikuwa ya kweli, na nilimkasirikia miezi. Alitaka furaha yangu ifike kabla ya wakati ili yeye asipate taabu ya kunitazama. Zaburi ya 30 inasema kilio huja kukaa usiku, asubuhi huwa furaha. Usiku una saa zake. Kwangu ulichukua karibu mwaka na nusu, na asubuhi yenyewe haikupiga tarumbeta: nilijikuta naimba nikifua, nikashtuka.

10. Niseme nini nikienda kumwona mfiwa au mgonjwa?

Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo ndipo walipofanya vizuri. Waliharibu walipofungua midomo. Beba maji, osha vyombo, chunga watoto, sema "pole". Ukishindwa kukaa kimya, imba.

11. Nimeombewa miaka mingi, sijapona. Imani yangu ni haba?

Paulo, ambaye kwa mikono yake wagonjwa walipona, alimwacha mwenzake Trofimo mjini Mileto akiwa hawezi (2 Timotheo 4:20). Timotheo alikuwa na tumbo lililomsumbua mara kwa mara, akashauriwa atumie divai kidogo, hakukemewa. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake utoke, haukutoka. Hawa watatu, nani alikuwa na imani haba?

Jibu alilopewa Paulo lilikuwa "Neema yangu yakutosha". Sijifanyi kwamba ni jibu tamu kusikia ukiwa kwenye foleni ya kusafishwa figo. Ila nimewaona waliolishika hilo, na katika wodi hao ndio wagonjwa wanaomuuliza nesi kama amekula.

12. Sina hamu ya kitu chochote. Nyimbo hazinigusi, silali, natamani nisingekuwapo. Je, nimepoteza wokovu?

Hali hiyo inaweza kuwa sonona, ugonjwa kama magonjwa mengine, na una tiba. Nenda hospitali, na leo hii mwambie mtu mmoja unayemwamini, hasa kama mawazo ya kujiua yanakujia. Usikae peke yako nayo.

Eliya, siku chache baada ya ushindi mkubwa kule Karmeli, alilala chini ya mretemu akaomba afe (1 Wafalme 19). Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Ndiyo huduma ya kwanza ya sonona iliyoandikwa kwenye Maandiko, na makanisa mengi bado hatujaifikia. Siku ambazo huwezi kusali, soma Zaburi ya 88. Haina mstari wa furaha hata mmoja, neno lake la mwisho ni giza, na bado imo ndani ya kitabu cha sifa.

## Kuteswa kwa ajili ya imani

13. Mashahidi wa Uganda walifurahi kweli, au ni maneno ya vitabuni?

Nikiulizwa swali hili darasani sikimbilii jibu, maana limejaa watu. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Waanglikana, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Mapokeo yanasema waliimba wimbo wa Kiswahili, "Kila siku tumsifu". Wamisionari wa kwanza Buganda walifundisha kwa Kiswahili, lugha iliyofika huko na wafanyabiashara wa pwani, kwa hiyo wale vijana walikufa na maneno ambayo wewe na mimi tunayaelewa bila mkalimani.

Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1886, likaja kundi la Namugongo. Karoli Lwanga, mkuu wa vijana wa ikulu, alikuwa amewakinga wadogo dhidi ya matakwa ya kabaka juu ya miili yao. Usiku wa kuamkia hukumu aliwabatiza waliokuwa bado, mmoja wao Kizito, wa miaka kama 14. Na hapa mapokeo hayafichi hofu: Kizito alimwomba Lwanga amshike mkono. Mbaga Tuzinde alikuwa mtoto wa nyumbani kwa Mukajanga, mkuu wa wauaji, na Mukajanga alimsihi akubali kufichwa, alikataa. Wakatoliki na Waanglikana waliungua kwenye moto mmoja. Wanaojulikana kwa jina katika mateso yale yote ni 45: Wakatoliki 22, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, na Waanglikana 23.

Walifurahi? Mtoto aliyeshikwa mkono na huku anaimba, ndilo jibu langu. Hawakupenda kufa. Lwanga alikuwa na wadogo wa kuwalinda (swali la 4), na wote walikuwa na mmoja waliyekataa kumkana. Mahujaji wanaotembea kwa miguu kwenda Namugongo kila Juni, wengine kutoka Kenya na Tanzania, watakuambia malengelenge yanauma na nyimbo hazikatiki.

14. Nimetengwa na ukoo, au nimepoteza kazi, kwa sababu ya imani. Nifurahi?

Mitume walitoka barazani wakifurahi kwamba wamehesabiwa kustahili aibu kwa ajili ya Jina lile (Matendo 5:41). Ikiwa ulikataa kusaini risiti ya uongo ukaondolewa, uko kwenye orodha hiyo, na usharika wako unapaswa kukubeba mpaka upate kazi nyingine. Hapo ndipo furaha yako itategemea sufuria za wenzako.

Jikague pia. Petro anaonya mtu asiteswe kama mwizi wala kama mtu ajishughulishaye na mambo ya watu wengine. Wapo waliotengwa na ukoo kwa ajili ya Kristo, na wapo waliotengwa kwa sababu walimwita bibi yao mchawi mbele ya wageni.

## Mambo magumu

15. Mume wangu ananipiga. Nimeambiwa huo ni msalaba wangu, nibebe kwa furaha.

Si msalaba. Msalaba Yesu aliuchukua mwenyewe, akisema hakuna amwondoleaye uhai wake. Wewe hukuchagua ngumi. Na walipotaka kumpiga mawe kabla ya saa yake, alijificha akatoka. Daudi aliukwepa mkuki wa Sauli. Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Kukimbia kuna watu wakubwa waliokutangulia.

Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, na tafuta pa kulala kwanza. Mzee wa kanisa akikuambia urudi ukavumilie, tafuta mzee mwingine. Jibu ni hilohilo ukiwa mwanamume unayepigwa.

16. Kiongozi wetu anataka tufunge bila kikomo, tuache dawa au tusipeleke watoto hospitali. Anasema ndiyo sadaka ya kweli.

Ondoka, na chukua watoto. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu. Kati yao walikuwamo watoto wengi. Abrahamu alizuiwa kisu kikiwa juu. Mungu wa Biblia ndiye aliyesema usimnyoshee kijana mkono wako. Toa taarifa polisi hata kama wewe mwenyewe umeshatoka.

17. Nafanya kazi za ndani Uarabuni. Sina siku ya kwenda kanisani. Furaha yangu itaishi vipi?

Ukiwa Muscat, makanisa yapo eneo la Ruwi, na ibada nyingi ni Ijumaa. Ukipata ruhusa hata mara moja kwa mwezi, itumie. Usipopata, dada mmoja wa kwetu alikuwa anapiga pasi huku anaimba pambio moja kwa sauti ya chini, tangu shati la kwanza hadi la mwisho, na jumuiya yetu ilikuwa inamtumia sauti za nyimbo kwenye simu. Hiyo ni ibada. Ila kunyang'anywa pasipoti, kutolipwa au kupigwa si ibada: soma jibu la 15 na uwasiliane na ubalozi.

18. Nimelitumikia kanisa miaka yote, na sasa watoto wangu hawataki hata kulisikia. Nilikosea wapi?

Hili ni langu. Kwaya, kamati ya ujenzi, umoja wa wanawake, mikesha: niliita kujitoa, na kwa sehemu ilikuwa kweli. Binti yangu alipofika miaka 19 aliniambia, "Mama, Jumapili ulikuwa unaimba unacheka mbele ya watu. Nyumbani ulikuwa unatufokea." Nilitaka kumjibu kwa mstari wa Biblia. Nikakumbuka ugali uliofunikwa kwa sahani, umepoa, miaka kumi.

Kulikuwa na watu upande wa pili, nao ndio waliolipa sadaka yangu. Nilimwomba msamaha, nikajitoa kwenye kamati mbili. Yeye bado haji kanisani, na simsukumi. Ila Jumamosi akija nyumbani tunapika mtori pamoja, yeye anamenya ndizi, mimi nasonga. Mazoezi ya kwaya ni saa kumi kamili. Mimi huingia saa kumi na nusu, na mwalimu wa kwaya ameshazoea.